Yaliyohifadhiwa na Yasiyopatikana

Mwaka 1966, mwanasaikolojia David Schonfield wa mjini Calgary, Kanada, akishirikiana na Betty Robertson, alichapisha jaribio ambalo halikuhitaji mashine yoyote. Watu wa miaka 20 hadi 75 walionyeshwa maneno 24, kisha wakaombwa wayataje yale waliyoyakumbuka. Vijana wa miaka ishirini na kitu walitaja takriban 14. Waliovuka miaka 60 walitaja 7 au 8. Matokeo hayo hayakumshangaza mtu. Kila aliyeishi na wazee anajua kwamba jina la mgeni wa jana humponyoka babu, hata kama la mwalimu wake wa darasa la kwanza bado analo.

Jaribio, hata hivyo, lilikuwa na nusu ya pili. Safari hii washiriki hawakutakiwa kutaja chochote. Kila neno waliloonyeshwa lilichanganywa na maneno mengine ambayo hawakuwa wameyaona, na kazi yao ilikuwa kulichagua. Vijana walipata takriban 20 kati ya 24. Wazee nao walipata takriban 20.

Tofauti yote ilikuwa imetoweka. Maneno ambayo mzee hushindwa kuyataja huenda yamo kichwani mwake muda wote.

Ugunduzi huu ulikwenda kinyume na mawazo ya karibu miaka mia moja. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kumbukumbu inapoharibika, mambo mapya huondoka kwanza na ya zamani hubaki hadi mwisho. Ribot alikuwa ameona jambo la kweli, lakini waliomfuata walilitafsiri kwa njia nyepesi: ubongo wa mzee unamomonyoka, na yaliyokuwamo yanakwenda na udongo wake. Mwaka 1955 Mmarekani Harold Brody akaonekana kuleta uthibitisho. Alihesabu seli za neva katika vipande vya ubongo wa watu wa rika mbalimbali waliofariki, akaripoti kwamba baadhi ya sehemu za gamba la ubongo wa wazee zilikuwa na upungufu mkubwa. Kuanzia hapo vitabu, magazeti na walimu wakaeneza habari kwamba mtu mzima hupoteza maelfu ya seli za ubongo kila siku na kwamba hazirudi. Wapo wanaoiamini hadi leo.

Ilichukua takriban miaka thelathini kugundua kasoro. Ubongo unapowekwa kwenye dawa za maabara ili ukatwe na kutazamwa kwa hadubini, husinyaa, na ubongo wa kijana husinyaa zaidi kuliko wa mzee. Seli za kijana zinapokusanyika mahali padogo huonekana nyingi kuliko zilivyo, na za mzee huonekana chache. Njia mpya za kuhesabu zisizodanganywa na kusinyaa huko zilipopatikana, Bente Pakkenberg na Hans Jørgen Gundersen wa Denmark walipima bongo za Wadenmark 94. Ripoti yao ya mwaka 1997 ilisema kwamba gamba la ubongo lina wastani wa seli za neva bilioni 23 kwa wanaume na bilioni 19 kwa wanawake, na kwamba tangu miaka 20 hadi 90 upungufu ni kama asilimia 10. Miaka sabini kwa asilimia 10! Hasara hiyo haitoshi kueleza kwa nini orodha ya maneno 14 ishuke hadi 7.

Basi kama seli zipo, na maneno yapo, kinachobadilika ni nini?

Jibu la kwanza lilianza kutengenezwa Toronto, na mtu wa kutajwa mapema katika habari hiyo ni Endel Tulving. Alizaliwa Estonia mwaka 1927, akaikimbia nchi yake wakati wa vita mwaka 1944, akaishi Ujerumani, kisha mwaka 1949 akaingia Kanada. Alikufa mwaka 2023 akiwa amebadilisha namna dunia inavyoizungumzia kumbukumbu. Mwaka ule ule wa 1966, yeye na Zena Pearlstone waliwapa wanafunzi wa sekondari orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi, nyingine zikiwa na maneno 48. Wanafunzi waliotakiwa kuyataja hivi hivi walitaja sehemu tu. Wenzao waliokumbushwa majina ya makundi, kwa mfano kwamba palikuwa na wanyama au silaha, walitaja mengi zaidi. Hawa hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye bongo zenye nguvu, na hata wao walibeba vichwani vitu wasivyoweza kuvifikia bila kidokezo. Tulving akatofautisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kuwa na kitu katika kumbukumbu, na kuweza kukifikia. Miaka sita baadaye, 1972, akaongeza tofauti nyingine iliyozaa matunda makubwa zaidi. Kuna kumbukumbu ya maarifa, kama vile kujua kwamba Dodoma ni mji, na kuna kumbukumbu ya matukio, kama vile kukumbuka siku uliyofika Dodoma na nani alikupokea. Uzee huigusa sana hii ya pili. Ile ya kwanza hustahimili, na msamiati wa mtu wa miaka 65 mara nyingi huwa mpana kuliko wa mjukuu wake.

Mwaka huo wa 1966 haukuisha bila Roger Brown na David McNeill wa Harvard kuchapisha utafiti wao juu ya neno linalokwama ulimini. Waliwasomea watu maana za maneno adimu na kuwaomba wayataje. Mtu akikwama, aliulizwa neno linaanza na herufi gani na lina silabi ngapi, naye mara nyingi alipatia bila kulipata neno lenyewe. Mwaka 1991 Deborah Burke na wenzake walionyesha kwamba hali hii huongezeka kadiri umri unavyosogea, na kwamba majina ya watu ndiyo yanayokwama zaidi. Sababu yake inaeleweka. Neno la kawaida limeshikwa na maana yake pamoja na maneno mengine ya jirani, lakini jina la mtu limeunganishwa na sura yake kwa uzi mmoja tu. Uzi huo ukilegea, hakuna mwingine wa kushika.

Hapo ndipo Fergus Craik anapoingia. Alizaliwa Edinburgh, akahamia Toronto mwaka 1971, akatumia miaka yake mingi kuuliza kwa nini wazee hushindwa katika kazi moja na kufaulu katika nyingine. Katika miaka ya 1980 alitoa hoja kwamba kukumbuka bila kidokezo ni kazi ambayo ubongo lazima uianzishe wenyewe, na kuianzisha kunagharimu. Mazingira yakisaidia, gharama hupungua. Mwaka 1987, pamoja na Joan McDowd, aliwapa vijana na wazee kazi mbili kwa wakati mmoja: kukumbuka maneno, na papo hapo kujibu haraka ishara nyingine. Kutaja maneno kuliwachelewesha wote kuliko kuyatambua, na wazee ndio waliocheleweshwa zaidi. Kukumbuka kulikuwa kumepimwa kama jitihada.

Lakini jitihada hiyo ilifanywa wapi ndani ya kichwa? Hadi wakati huo wanasayansi walikuwa wakitazama majibu yanayotoka mdomoni. Katika miaka ya 1990 Toronto ikapata kamera za PET. Mshiriki hudungwa maji yenye oksijeni ya mionzi hafifu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 2 hivi, na kamera hufuata damu inakokimbilia. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huita damu zaidi. Mwaka 1994 Tulving na wenzake walitangaza mpangilio ambao hawakuutarajia: kwa vijana, sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto ilishughulika zaidi wakati wa kuweka jambo kwenye kumbukumbu, na upande wa kulia ulishughulika zaidi wakati wa kulirejesha.

Cheryl Grady na wenzake walikuwa wa mapema kuwapeleka wazee kwenye mashine hiyo. Mwaka 1995 waliripoti katika jarida la Science kwamba wazee walipokuwa wakijifunza sura mpya za watu, hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kuweka kumbukumbu, pamoja na sehemu ya mbele ya kushoto hazikuamka kama zilivyoamka kwa vijana. Ripoti hiyo ni onyo kwa yeyote anayetaka kulaumu urejeshaji peke yake. Jambo lililowekwa vibaya tangu mwanzo halina namna nzuri ya kutafutwa baadaye, na sehemu ya kile tunachokiita kusahau uzeeni ni kutoliweka sawasawa.

Kisha ikaja picha iliyozua mjadala wa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1997 Roberto Cabeza, akiwa na kundi hilo hilo la Toronto, aliwapima vijana na wazee wakijifunza na kukumbuka jozi za maneno. Vijana walipokumbuka, upande wa kulia wa mbele uliwaka, kama ilivyotarajiwa. Wazee walipokumbuka, ziliwaka pande zote mbili.

Picha hiyo ilikuwa na tafsiri mbili zinazopingana. Huenda ubongo wa mzee umepoteza nidhamu, kila sehemu inajitupa kwenye kazi isiyoihusu. Au huenda upande wa pili umeitwa kusaidia, kwa sababu mmoja hautoshi. Mwaka 2002 Cabeza alibuni njia ya kuzipambanisha tafsiri hizo. Alichukua wazee waliofanya vizuri kwenye vipimo vya kumbukumbu, akachukua na waliofanya vibaya, akawalinganisha na vijana. Kama kuwaka pande mbili ni kasoro, basi waliofanya vibaya ndio wangeionyesha. Ikawa kinyume. Wazee dhaifu walitumia upande wa kulia kama vijana, bila kufanikiwa. Wazee waliofanya vizuri ndio waliotumia pande zote mbili.

Ni rahisi kuelewa kwa nini habari hii ilipokelewa kwa furaha. Ilimpa mzee heshima: ubongo wake haukuwa gofu, ulikuwa ukijipanga upya na kutafuta njia nyingine. Wengi wakajenga juu yake, wakiwemo Denise Park na Patricia Reuter-Lorenz, walioeleza mwaka 2009 kwamba ubongo hujiwekea viunzi vipya maisha yote pale vya zamani vinapolegea.

Furaha hiyo ilikuja na haraka kidogo. Park mwenyewe alikuwa ameonyesha mwaka 2004 kwamba sehemu za ubongo zinazotofautisha sura, nyumba na maneno hupoteza umahiri wao kwa wazee, kila moja ikianza kuitikia kisicho chake. Huo si msaada, ni ukungu. Kisha Lars Nyberg wa Umeå, Sweden, akagusa msingi wenyewe wa ushahidi. Tafiti nyingi zililinganisha vijana wa leo na wazee wa leo, ambao ni watu tofauti, waliozaliwa nyakati tofauti na kusoma shule tofauti. Umeå walikuwa na hazina adimu: mradi wa Betula, ulioanza mwaka 1988, uliowarudia watu wale wale kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2010 Nyberg na wenzake waliripoti kwamba ukilinganisha makundi, wazee walionekana kutumia sehemu ya mbele zaidi. Ukimfuata mtu mmoja mmoja kadiri anavyozeeka, shughuli ya sehemu hiyo ilikuwa ikipungua. Na mwaka 2018 Alexa Morcom na Richard Henson wa Uingereza walichambua kwa takwimu kama nyongeza ile ya wazee ina habari yoyote ya ziada inayosaidia kumbukumbu. Hawakuipata.

Je, Cabeza alikosea? Kusema hivyo ni kwenda mbali mno. Wazee wake waliofaulu walikuwa watu wa kweli, na pande mbili ziliwaka kweli. Kilichodhoofika ni ile imani kwamba kila taa inayowaka zaidi kwenye ubongo wa mzee ni ishara ya ushujaa. Nyberg na wenzake walipendekeza mwaka 2012 maelezo ambayo yana uzito zaidi: wazee wanaokumbuka vizuri ni, mara nyingi, wale ambao ubongo wao umebadilika kidogo. Waliitunza hali ya zamani badala ya kuifidia.

Wakati mjadala huo ukiendelea, swali lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika. Tangu 1990, Seiji Ogawa alipoonyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia oksijeni katika damu, watafiti hawakuhitaji tena kudunga mionzi. Mwaka 1995 Bharat Biswal aligundua kwamba hata mtu akilala kimya ndani ya mashine bila kazi yoyote, sehemu za ubongo zinazofanya kazi pamoja huendelea kupanda na kushuka pamoja. Mwaka 2001 Marcus Raichle wa St. Louis alieleza mtandao unaoshughulika zaidi pale mtu anapoachwa na mawazo yake: katikati ya sehemu ya mbele, katikati ya sehemu ya nyuma, na pembeni karibu na masikio kwa juu. Mtandao huu, ukishirikiana na hipokampasi, ndio huohuo unaoamka mtu anapokumbuka tukio la maisha yake. Watafiti wakaacha kuuliza ni kipande gani kinachozeeka, wakauliza mawasiliano kati ya vipande yanazeekaje.

Jessica Andrews-Hanna na wenzake walijibu mwaka 2007 kwa kupima watu 93 wenye umri kuanzia miaka 18 hadi 93. Kwa vijana, sehemu ya mbele na ya nyuma ya mtandao huo zilipanda na kushuka kwa pamoja. Kwa wazee mapatano hayo yalikuwa hafifu, kwa baadhi karibu hayapo. Pamoja nayo zilikuwa zimedhoofika nyuzi nyeupe, yaani nyaya ndefu zilizofunikwa mafuta ya mayelini zinazopeleka ujumbe kutoka upande mmoja wa ubongo hadi mwingine. Jambo la maana zaidi ni kwamba hali hii ilikuwepo hata kwa wazee ambao vipimo havikuonyesha mabonge ya amiloidi, dalili ya ugonjwa wa Alzheimer. Ulikuwa uzee wenyewe, bila maradhi.

Mwaka 2014 Micaela Chan, Denise Park na Gagan Wig wa Dallas walipima watu 210 wa miaka 20 hadi 89 na kuongeza upande mwingine wa habari hiyo. Mitandao ya ubongo wa kijana inajitenga vizuri: kila mmoja unaongea zaidi na wenzake wa ndani kuliko na wa nje. Kadiri miaka inavyokwenda utengano huo hupungua, kama nyumba ambayo kuta zake zinapungua unene hadi mazungumzo ya chumba kimoja yanaingia kingine. Mzee anayetafuta jina anajikuta anapata na mengine asiyoyaomba. Na kipimo hiki cha utengano kilikwenda sambamba na kumbukumbu ya matukio bila kujali umri: mtu ambaye mitandao yake bado imejitenga alikumbuka vizuri zaidi, awe na miaka 40 au 80.

Ushahidi mmoja unaostahili kusimuliwa hautokani na binadamu. Huko Tucson, Arizona, Carol Barnes alitumia maisha yake ya utafiti kuwafuata panya wanaozeeka. Katika hipokampasi ya panya kuna seli ambazo kila moja huwaka mnyama anapofika mahali fulani, na kwa pamoja huchora ramani ya chumba. John O'Keefe alizigundua mwaka 1971 na kupata Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2014. Mwaka 1997 Barnes na wenzake waliripoti kwamba panya mzee akiwekwa chumbani, ramani yake hutengenezwa vizuri na kutulia muda wote anaokuwamo. Akitolewa na kurudishwa baadaye, ramani ile ile hurudi, lakini mara nyingine huja ramani tofauti kabisa, kana kwamba hajawahi kufika pale. Panya vijana hawakupata shida hiyo. Ramani sahihi haikufutika, kwa maana mara nyingine ilirudi kamili. Kilichoshindikana ni kuiita.

Kima waliozeeka nao walitoa sehemu yao ya jibu. John Morrison wa New York na wenzake walitazama sehemu ya mbele ya ubongo wao na kukuta seli zipo, lakini vichipukizi vyembamba kwenye matawi yake, mahali seli moja inapopokea ujumbe wa nyingine, vimepungua. Vichipukizi hivyo vyembamba ndivyo vinavyobadilika upesi na ndivyo vinavyohusika na kujifunza jambo jipya. Vile vinene, vilivyojengwa zamani, vilibaki. Uchunguzi wa Ribot wa 1881 kwamba mapya hutangulia kuondoka unapata hapa maelezo ambayo yeye hakuwa na hadubini ya kuyaona.

Hayo yote huanza lini? Vipimo vya kulinganisha makundi vilisema kumbukumbu huanza kushuka tangu ujanani. Watu wa Betula walipofuatiliwa wenyewe, kumbukumbu yao ya matukio haikushuka kabla ya takriban miaka 60. Hata saa ya siku ina neno lake: mwaka 1993 Cynthia May na Lynn Hasher walionyesha kwamba wazee wengi ni watu wa asubuhi, na wakipimwa alasiri huonekana wamezeeka kuliko walivyo. Mtafiti aliyepanga miadi ya saa kumi jioni huenda alikuwa akipima uchovu na kuuita uzee.

Karibu bongo zote zilizotajwa katika simulizi hii ni za Amerika Kaskazini na Ulaya, za watu waliosoma shule miaka mingi. Upande wa Afrika Mashariki kazi ilibidi ianzie hatua ya nyuma, kwenye kutofautisha uzee wa kawaida na demensia, yaani maradhi yanayoharibu kumbukumbu na akili, pale ambapo wazee wengi hawakushika kalamu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na Uingereza walikwenda kijiji kwa kijiji wakiwatembelea watu zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalikadiria kwamba kati ya wazee 100 wa umri huo, takriban 6 walikuwa na demensia. Kwa hiyo zaidi ya 90, pamoja na majina yao yaliyokwama na maneno yao yaliyochelewa, hawakuwa na demensia.

Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kipimo kinachoitwa IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Husomewa maneno 10 na kuombwa ayakumbuke baada ya muda, na badala ya kuchora kwa penseli hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilopangiwa. Kipimo hicho kilijaribiwa pia Nigeria. Pamoja nacho watafiti walitunga orodha ya maswali kwa ajili ya ndugu anayeishi na mzee, kuhusu shughuli zake za kila siku, kwa sababu tofauti kati ya neno linalochelewa na maisha yanayovurugika huonekana kwanza na mtu wa nyumbani kabla haijaonekana na daktari.